Kocha Bora ni Mwalimu Kwanza

Katika shule zetu nyingi za msingi, kazi ya kufundisha kandanda hugawiwa kwa njia nyepesi mno. Mwalimu mpya akiripoti, huulizwa kama aliwahi kucheza mpira. Akijibu kuwa aliwahi, hukabidhiwa filimbi na timu siku iyo hiyo. Akijibu kuwa hakuwahi, hupewa kazi nyingine, na timu huachiwa yeyote mwenye sauti kubwa. Nyuma ya desturi hii imejificha imani kwamba ukocha ni mali ya aliyecheza, na kwamba mtu asiyesifika uwanjani hana la kumfundisha mtoto.

Sisi tunaipinga imani hiyo. Tunashikilia kwamba sifa zinazomfanya kocha wa kandanda awe bora ni zile zile ambazo mwanachuo huzifuata katika chuo cha ualimu: kuona kwa makini, kueleza kwa maneno machache, kuandaa kazi, kuvumilia ukuaji wa mtoto, na kuwa mwaminifu. Kujua kucheza ni msaada mkubwa, lakini si sifa ya kwanza. Wala jambo hili si la wapenzi wa mpira peke yao. Mwanachuo atakayepewa timu ya shule atakuwa amepewa darasa, naye atawajibika kwa kila mtoto aliyemo, si kwa wale 11 watakaovaa jezi.

Makocha waliotoka darasani

Tuanze na ushahidi. Rinus Michels wa Uholanzi, aliyeifikisha timu ya nchi yake katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1974 na kuipa ubingwa wa Ulaya mwaka 1988, alikuwa pia mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mholanzi mwenzake, Louis van Gaal, alifundisha somo hilo shuleni kwa miaka mingi kabla ya kuiongoza Ajax, timu iliyojaa vijana, hadi ubingwa wa vilabu vya Ulaya mwaka 1995. Ottmar Hitzfeld wa Ujerumani, aliyetwaa ubingwa huo akiwa na Borussia Dortmund mwaka 1997 na Bayern Munich mwaka 2001, alisomea ualimu wa hisabati na michezo. Gérard Houllier wa Ufaransa alikuwa mwalimu wa Kiingereza. José Mourinho wa Ureno, ambaye hakupata kuwa mchezaji wa sifa, alifundisha michezo mashuleni kabla ya kuingia katika vilabu, na mwaka 2004 akaipa Porto ubingwa wa Ulaya.

Msomaji atatupinga, na ana haki. Mário Zagallo wa Brazil alitwaa Kombe la Dunia akiwa mchezaji mwaka 1958 na 1962, kisha akiwa kocha mwaka 1970. Franz Beckenbauer wa Ujerumani na Didier Deschamps wa Ufaransa nao walilitwaa kwa njia zote mbili. Hawa hawakutoka vyuo vya ualimu. Hatusemi basi kwamba cheti cha ualimu huzaa kocha. Tunasema kwamba kazi yenyewe, popote inapofanywa vizuri, ni kazi ya kufundisha, na ndiyo maana watu waliotoka mbele ya ubao wameiweza bila kuona ugeni. Wachezaji hodari walioshindwa ukocha ni wengi vilevile. Aghalabu husumbuliwa na jambo moja: walicheza vizuri bila kujua walivyofanya, na sasa wanashindwa kumweleza asiyejua. Mwalimu wa hisabati aliyepata kila jumla tangu utotoni huweza kupata taabu iyo hiyo.

Jicho la kuona

Sifa ya kwanza ya kocha ni kuona. Si kutazama, kutazama hata mtazamaji aliyekaa juu ya ukuta hutazama. Kuona ni kutambua kwa nini pasi ya mtoto huyu inakwenda juu kila mara, au kwa nini beki yule hufika amechelewa ijapokuwa ana mbio kuliko wenziwe. Mtazamaji husema, "Amekosa." Mwalimu hutafuta chanzo: mguu wa kusimamia uko nyuma mno ya mpira, na mwili umelala nyuma, kwa hiyo mpira unapaa. Akishakijua chanzo, anayo kazi ya kufanya.

Wala tusidhani kwamba jicho la kawaida linatosha. Mwaka 1986, wachunguzi wawili wa Canada, Ian Franks na Gary Miller, walitangaza matokeo ya uchunguzi kuhusu makocha na kumbukumbu zao. Makocha walioneshwa mchezo wa kandanda, kisha wakaulizwa yaliyotokea. Waliyoyakumbuka kwa usahihi hayakufika nusu. Hao walikuwa watu wenye hamu ya kuona, tena waliojua kwamba mchezo huo ni kazi yao. Akili hushika bao, rafu na makosa ya mwamuzi, na huyaacha yaliyobaki yapite.

Dawa yake ni ya kawaida sana: daftari na kalamu. Kocha wa shule aandike. Achague jambo moja au mawili ya kuangalia katika kila mchezo. Kwa mfano, ni mara ngapi tumepoteza mpira katika eneo letu wenyewe, au ni watoto gani hawakuugusa mpira katika kipindi cha kwanza. Hesabu kama hizo humfundisha kocha mambo ambayo kumbukumbu yake ingemficha, hasa pale kumbukumbu inapompendelea mtoto hodari. Mwanachuo anayezoea kuandika maoni baada ya kila kipindi cha darasani atahitaji tu kuipeleka tabia hiyo uwanjani.

Ulimi wenye faida

Sifa ya pili ni matumizi ya maneno. Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka kidogo katika kandanda, kwani mfano bora tuujuao ni wa mpira wa kikapu. John Wooden alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na timu zake zilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 10 kati ya mwaka 1964 na 1975. Kabla ya hapo aliwahi kuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari. Katika msimu wa 1974 hadi 1975, wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa kando ya kiwanja wakati wa mazoezi yake, wakaandika alilosema na alilotenda. Walikusanya matendo ya kufundisha 2,326.

Yapata robo tatu ya matendo hayo yalikuwa maelezo ya kazi: fanya hivi, sogea hapa, shika namna hii. Sifa hazikufika 7 kwa mia. Makaripio nayo hayakufika 7 kwa mia. Hapakuwa na hotuba. Maelezo yalikuwa mafupi, na yalitolewa papo hapo mchezaji alipoyahitaji. Mchezaji alipokosea, Wooden alimwonesha namna sahihi, akamwonesha jinsi alivyokosea, kisha akamwonesha tena namna sahihi, na yote hayo kwa muda mfupi tu. Utaratibu huu unafaa kuigwa neno kwa neno, kwa sababu humwacha mwanafunzi na picha ya jambo sahihi ikiwa ya mwisho machoni pake.

Tulinganishe na tunayoyasikia katika viwanja vyetu. "Kimbia!" "Wewe vipi?" "Mpira huo!" "Amka!" Maneno haya yana sauti, lakini hayana fundisho. Mtoto anayeambiwa "piga vizuri" hajaambiwa kitu, kwa maana kama angejua kupiga vizuri angepiga. Mtoto huyo akiambiwa, "Weka mguu wa kusimamia kando ya mpira, kaza kifundo, piga kwa upande wa ndani wa mguu," amepewa mambo matatu anayoweza kuyajaribu sasa hivi. Hata hayo matatu ni mengi kwa mara moja. Kocha mwerevu huanza na lile la mguu wa kusimamia, na husubiri likae.

Kuna kocha asiyesema lolote la kufundisha wakati wa mazoezi, kisha siku ya mashindano hupiga kelele dakika zote. Huyo anafanana na mwalimu asiyefundisha muhula mzima, halafu akanong'oneza majibu katika chumba cha mtihani. Siku ya mchezo ni siku ya watoto kuonesha walichojifunza, na maneno yake siku hiyo yawe machache.

Maandalio na haki ya kuugusa mpira

Sifa ya tatu ni maandalio, na hapa ndipo tunapoona upungufu mkubwa kuliko mahali pengine pote. Mwanachuo ambaye hawezi kuingia darasani bila andalio la somo huenda uwanjani mikono mitupu, akagawa watoto makundi mawili, akapuliza filimbi, akakaa kivulini. Tuufanyie hesabu utaratibu huo. Darasa lina watoto 45 na mpira mmoja. Watoto 22 wanacheza, 23 wamekaa. Kati ya wale 22, wanne au watano walio hodari ndio wanaoushika mpira muda mwingi. Golikipa aliye upande wenye nguvu anachuma majani. Kipindi kikiisha, tunaandika katika shajara kwamba darasa zima limefundishwa kandanda, na jambo hilo si kweli.

Ubelgiji iliwahi kulitazama tatizo hili kwa uzito. Michel Sablon, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa chama cha kandanda cha nchi hiyo, na wenziwe waliubadili mpango wa kufundisha watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walio wadogo kabisa walicheza wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, ndipo wakafika 11. Shabaha yake ilikuwa kila mtoto aguse mpira mara nyingi, apige chenga, akosee na ajaribu tena. Nchi hiyo ndogo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya FIFA mwaka 2015, na nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia mwaka 2018. Zipo sababu nyingine za mafanikio hayo, lakini fundisho lake linamfaa hata mwalimu wa Darasa la Tatu.

Turudi kwa watoto wetu 45. Wagawe makundi matano ya watoto tisa. Katika kila kundi, wanne wacheze na wanne, na wa tisa awe mwamuzi na mhesabu wa pasi, wakipokezana kila baada ya dakika chache. Mipira mitano haipatikani? Watoto wenyewe ni mafundi wa kufunga mpira wa matambara na kamba; kwa mipira hiyo ya chandimu wamejifunza wengi ambao baadaye walitia saini mikataba ya vilabu vikubwa. Mipaka ya viwanja iwekwe kwa vifuu vya nazi, majivu au ndala zilizochakaa, na mawe yaepukwe. Kwa njia hii, hakuna mtoto anayekaa bure.

Kipindi cha dakika 40 kinaweza kugawanywa hivi: dakika 5 za kupasha mwili moto, 10 za fundisho moja, 20 za michezo midogo inayolitumia fundisho hilo, na 5 za kutulia, kunywa maji na kujibu maswali. Tunasisitiza fundisho moja. Kama leo ni kutuliza mpira kwa upande wa ndani wa mguu, basi maneno yote ya kocha leo yahusu kutuliza mpira. Kupiga kona kuna siku yake katika azimio la kazi.

Subira na ukuaji wa mtoto

Sifa ya nne ni subira yenye maarifa. Wachunguzi wa nchi nyingi wameona kwamba katika timu teule za watoto na vijana, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa kupangiwa umri huwa wengi kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho. Sababu yake inaeleweka. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba huhesabiwa kuwa rika moja, ijapokuwa mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu mwaka mzima wa kukua. Kocha anauona urefu na nguvu, akadhani ameona kipaji. Aliyechaguliwa hupata mazoezi zaidi, na aliyeachwa huachwa nyuma zaidi, mpaka kosa la kocha likageuka kuwa kweli. Katika madarasa yetu, ambamo tofauti ya umri huweza kupita mwaka mmoja, hatari ni kubwa zaidi. Mtoto mfupi wa Darasa la Nne asifutwe katika orodha. Huenda anasubiri mifupa yake tu.

Vivyo hivyo wasichana. Bado kuna shule ambamo saa ya mpira ya wavulana ni saa ya wasichana kufagia au kushangilia. Mwaka 2022, timu ya taifa ya wasichana wa Tanzania chini ya miaka 17 ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Kila mmoja wa wasichana wale alianza mahali fulani, kwa mtu aliyekubali kumpa mpira. Mwalimu asiyewapa wasichana wake mpira amekwisha kuamua jambo ambalo hakuwa na ruhusa ya kuliamua.

Katika kifungu hiki tuongeze afya. Mwezi wa Februari 2020, vyama vya kandanda vya England, Uskoti na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasizoezwe kupiga mpira kwa kichwa, kwa tahadhari ya ubongo wao. Kocha wa shule ya msingi ana mengi ya kufundisha kwa miguu. Kichwa kinaweza kungoja.

Uaminifu

Sifa ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hujaribiwa siku ya mashindano. Wakati wa UMITASHUMTA ukikaribia, kila mtu hudai ushindi. Mwalimu Mkuu anataka kombe ofisini, wazazi wanataka jina la kijiji, na kocha mwenyewe anataka kusifiwa. Ndipo huzuka habari za mamluki: kijana aliyekwisha kumaliza shule huvalishwa sare na kupewa jina la mtoto mwingine.

Tuseme wazi kinachotendeka hapo. Mtoto mwenye jina lile anaibiwa nafasi yake, na anayeiiba ni mwalimu wake. Wenziwe wote wanaujua ukweli, maana watoto wanajuana. Wanafundishwa kwamba daftari la mahudhurio linaweza kusema uongo, na kwamba watu wazima watanyamaza ikiwa uongo huo utaleta kombe. Hakuna somo la uraia litakalolifuta fundisho hilo.

Mbegu ya shuleni hukua. Mwaka 2005, timu ya vijana ya Tanzania ya chini ya miaka 17 iliondolewa katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Wenzake walioipata nafasi hiyo kwa jasho na umri wao halali waliikosa pamoja naye. Mwaka 2009 FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huo. Mashine ya namna hiyo haitafika katika uwanja wa kata. Pale, kipimo pekee ni mwalimu anayeiandika orodha ya majina.

Wapo watakaosema kwamba kocha asiyeleta kombe hatathaminiwa. Ni kweli kwamba kombe huonekana, na watoto 45 waliojifunza kutuliza mpira hawawekwi kabatini. Lakini yapo makubaliano mengine yanayowezekana. Jijini Nairobi, Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa mwaka 1987, iliweka utaratibu wa kuzipa timu zake pointi za ligi kwa kushiriki kusafisha mitaa. Waliotunga kanuni hiyo waliamua wenyewe jambo gani lihesabiwe kuwa ushindi, wala mpira haukudhurika. Vijana wa Mathare wameucheza hadi katika timu ya taifa ya Kenya. Shule nayo inaweza kuamua. Na shule inayowazoeza watoto wote kwa miaka mitatu itakuwa na wengi wa kuchagua siku ya mashindano itakapofika.

Neno kwa mwanachuo

Tunawaomba basi wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wasiikimbie timu kwa hoja kwamba hawakuwa wachezaji, wala wasiipokee kwa majivuno kwamba walikuwa. Siku ya kwanza, andika majina ya watoto wote waliofika uwanjani, pamoja na wale waliosimama mbali wakijifanya kupita tu. Mbele ya kila jina andika anachoweza sasa: kutuliza mpira, kupiga pasi ya hatua 10, kukokota mpira bila kuupoteza, kujua sheria za msingi. Mwisho wa muhula, ifungue orodha hiyo na uipime upya.

Ukikuta kwamba walioendelea ni wale 11 tu ambao tangu siku ya kwanza walikuwa hodari, basi hukufundisha. Ulikuwa mtazamaji mwenye filimbi. Ukikuta kwamba yule aliyesimama mbali sasa anaomba pasi, anaipokea na kuitoa kwa mwenzake, umefanya kazi ya kocha. Matokeo ya mashindano yaandike pia, lakini yaandike chini ya orodha hiyo.